Fomu ya kutathmini malekchara: acheni kutia 5, alama ya juu kabisa, kote

Kila semista ikikaribia mwisho lazima niyasikie, "usiandike ukweli, lekchara atakujua akupige E." Wallahi nimechoka nayo. Mie niko ofisi ya ubora, fomu zote zapitia kwetu. Ni kweli unaingia kwa potali na namba yako ya usajili, mfumo lazima ujue nani kashajaza asije akajaza mara mbili, lakini ripoti anayoipata lekchara ni ya darasa zima, haina jina wala namba, na kwetu haitoki mpaka awe ashawasilisha maksi. Sasa akufelishe saa ngapi? Cha kukufichua ni maneno yako mwenyewe, mko watu watano darasani halafu waandika "siku ile nilipokuja ofisini kwako", hapo ushajitaja.

Na huo uoga una hasara. Chukua darasa la watu 60, 40 watie 5 kote bila kusoma maswali ndo wamalize haraka, 20 wanaosema kweli watoe 2. Wastani ni 4. Mkuu wa idara akiiona hiyo anasema mambo mazuri, faili inafungwa, na nyinyi hao hao mwarudi kulalamika kwenye ngazi za maktaba kuwa lekchara haji.

Pale pa maoni andika sentensi moja tu yenye kitu ndani. "Hafundishi" hainisaidii. "Wiki ya 4 mpaka ya 7 hatukufundishwa na CAT (jaribio la ndani ya semista) ikaletwa" hiyo naweza kwenda nayo kwa mtu. "Darasa la saa moja asubuhi nusu yetu bado tuko kwa feri Likoni" pia ni kitu, ratiba inasogezeka.

Na kuna porojo nyingine nazisikia. Eti anayeridhika na chuo ni yule aliyepata A? Hebu waulizeni wenye A wanaosubiri transkripti, hati ya matokeo yao, kama wameridhika.

Eti swali moja la "umeridhika?" latosha kupima chuo. Uingereza wana utafiti wa kitaifa wa wanafunzi tangu 2005, na 2023 swali hilo la kuridhika kwa jumla wakaliondoa kwa vyuo vya England. Mtu aweza kuipenda kozi na asitake hata kuiona ofisi ya fedha, ukivichanganya hujui urekebishe kipi.

Na eti ushauri nasaha ni wa wenye wazimu, nani kawadanganya? Ni wa aliyekwama karo, aliyefiwa, anayetaka kubadili kozi na hajui aanzie wapi. Mshauri yuko pale mchana kutwa asoma gazeti, hana mgeni.