Sarafu ya kumbukumbu ya jimbo: mfano wa Colorado

Sarafu ya kumbukumbu ya jimbo ni robo dola ya Marekani, yaani senti 25, ambayo upande wake mmoja umepewa picha ya jimbo fulani. Ni pesa halali na unaweza kununulia kitu dukani. Zilitolewa kuanzia 1999 hadi 2008, tano kila mwaka, kwa kufuata mpangilio ambao majimbo yalijiunga na muungano. Delaware ndiyo iliyofungua. Colorado, jimbo la 38, ilifikiwa 2006.

Upande wa kichwa una George Washington. Ukiigeuza, juu utasoma COLORADO na 1876, mwaka ilipokuwa jimbo. Katikati imesimama milima ya Rocky, chini yake misonobari, na utepe wenye maneno COLORFUL COLORADO. Mwaka wa kutengenezwa, 2006, uko upande wa chini. Wengi huuchukua ule 1876 wakadhani wameokota sarafu ya kale. Huo ni mwaka wa jimbo, miaka 100 baada ya tangazo la uhuru wa Marekani, na ndiyo maana Colorado huitwa Jimbo la Karne.

Milima hiyo inastahili nafasi iliyopewa. Mlima Elbert, wenye mita 4,401, ndio mrefu kuliko yote katika safu nzima ya Rocky. Hata sehemu ya chini kabisa ya jimbo, mpakani na Kansas, imezidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hakuna jimbo lingine la Marekani ambalo sehemu yake ya chini kabisa iko juu hivyo. Theluji ya huko ikiyeyuka hulisha mito ya Colorado, Arkansas, Rio Grande na Platte Kusini.

Sasa tazama upande wa kichwa, nyuma ya kisogo cha Washington. Kuna herufi ndogo inayoonyesha mji wa kiwanda ilikotengenezwa. P ni Philadelphia, D ni Denver, S ni San Francisco. Denver ndio mji mkuu wa Colorado, na kiwanda chake kilianza kutengeneza sarafu 1906, kwa hiyo yenye D ilitengenezwa nyumbani kwake, karne moja kamili baadaye. Mimi ningetafuta hiyo kwanza.

Za P na D ni shaba tupu iliyofunikwa pande zote mbili kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ishike wima utazame ukingo: utaona mstari wa rangi ya shaba. Uzito ni gramu 5.67, kipenyo milimita 24.26. Za S zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, uso wake unang'aa kama kioo. Baadhi yake ni fedha asilimia 90; hizo zina gramu 6.25 na ukingo wake ni mweupe mtupu. Mizani ndogo ya sonara inatosha kukata shauri.

Zilitengenezwa mamia ya milioni, hivyo iliyopita mikononi mwa watu bado ni senti 25. Zile zilizopakwa dhahabu au rangi zilipambwa na wafanyabiashara binafsi baada ya kutoka kiwandani, na kwa mkusanyaji huhesabiwa zimeharibiwa. Usiisugue kwa dawa ya meno wala limau: mikwaruzo haifutiki, na anayejua sarafu huiona papo hapo akiinamisha chini ya taa. Ishike ukingoni, na usiihifadhi kwenye plastiki laini ya PVC, maana baada ya muda huacha utando wa kijani unaokula shaba.