Kukalafati ni nini hasa, na kwa nini usikimbilie silikoni mashua ikivuja

Kila mwaka kusi ikishapoa na watu wa huku Lamu wakianza kurudisha vyombo majini, naulizwa swali lile lile: mashua imekaa juu miezi mitatu minne, nimeipiga rangi vizuri, nimeishusha, mbona inaingiza maji hivi? Na nusu ya wanaouliza washanunua silikoni. Jamani ngojeni kwanza, manake hili neno kalafati kila mtu wa pwani analijua lakini kazi yenyewe wengi wanaielewa nusu.

Kukalafati ni kuziba mwanya ulioko kati ya ubao na ubao kwa kushindilia pamba. Mashua zetu mbao zake hazipandani, zinakaa ubavu kwa ubavu na kupigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, na hata fundi awe hodari vipi pale zinapokutana lazima pabaki upenyo. Basi pamba inasokotwa kama uzi mnene, inalowekwa mafuta ya nazi au sifa, yaani yale mafuta ya papa yenye harufu yake, halafu inaingizwa kwa nyundo na chembeu, ile patasi butu isiyokata. Neno lenyewe limetembea na mabaharia, Waarabu wanalo, Waturuki wanalo, Wareno na Waitaliano pia, kila mmoja na matamshi yake. Mitepe, yale majahazi ya zamani, ilikuwa habari nyingine, ile mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi (mfano wake mdogo uko makumbusho ya hapa Lamu) na kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ilikuwa kazi ya kila safari.

Sasa hapa ndo penye jambo. Kinachozuia maji sio pamba peke yake, ni pamba na mbao pamoja. Ubao ukinywa maji unavimba kwa upana, kwa urefu hauongezeki kitu cha kuonekana, na mbao mbili zikivimba zinaibana ile pamba katikati mpaka maji yanakosa njia. Ukiipandisha mashua juu ikapigwa na jua miezi yote hiyo, mbao zinanywea, upenyo unafunguka, pamba inalegea. Kwa hiyo chombo kilichokauka kikivuja siku ya kwanza hakijaharibika, mbao zake bado hazijanywa maji tu.

Ukitia silikoni au epoksi kwenye mwanya uliokauka utaona umepona, lakini silikoni haishiki kwenye mbao iliyokunywa mafuta miaka ishirini, itabanduka, na ikishabanduka inaacha utelezi ambao hata kitu kingine hakitashika. Epoksi ni mbaya zaidi kwa sababu ikikauka ni jiwe, mbao zikivimba hazina pa kwenda, zinasukumana, misumari inang'oka kwenye mataruma au ubao unapasuka. Nimeona kidau kizuri kimekufa hivyo, na kilihitaji pamba tu.

Na hata pamba ukiizidisha ni makosa yale yale. Tulipokuwa tunatengeneza mashua ya ami yangu kule Matondoni, ya tanga moja, kuukuu hasa, mimi nilikuwa nashindilia kwa nguvu zangu zote nikidhani ndo kazi nzuri. Fundi mzee aliyekuwa upande wa pili hata hakuniona, alisikia tu, akaniambia, "Mwanangu, huo mlio sio." Mwanzo nyundo inalia puu, pamba ikianza kukaa mlio unapanda unakuwa mkavu, na nyundo inaanza kukurudishia mkono, hapo unaacha. Ukiendelea unakula nafasi ambayo mbao itaihitaji ikivimba. Nilitoa karibu urefu wa mkono mzima wa pamba nikaanza upya.

Kabla ya hayo lakini chukua kisu, choma choma mbao chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na kuzunguka vichwa vya misumari. Kisu kikizama kama kwenye mhogo uliochemshwa, ubao umeoza, na ubao uliooza haukalafatiwi, unabadilishwa. Pamba inahitaji pande mbili ngumu za kuibana.

Ukimaliza pamba ndo unaziba juu na kupaka chini ya mstari wa maji shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, hiyo inasaidia pia dhidi ya wale wadudu wanaotoboa mbao ndani kwa ndani bila wewe kuona kitu nje. Juu ya mstari unapaka sifa.

Kushusha nako usiwe na haraka. Sisi tuliiweka mahali maji yanafika yakijaa, tukaiacha imefungwa, tukamwagia maji ya bahari na ndani pia. Maji ya bahari nasema, sio ya mvua, ya mvua yakituama ndani yanaleta uozo. Siku ya kwanza ilijaa mpaka kwenye viti, ami alikuwa anaiangalia kama mgonjwa, anataka kuipandisha tena. Fundi akasema tu, "Iwate inwe mai," yaani iache inywe maji, akaenda zake kuswali. Siku ya pili tukafua maji mara tatu. Ya nne, asubuhi, nilikwenda na ndoo nikakuta maji ya kujaza upo mmoja tu, kile kikombe cha kufulia maji, chini ya ngama, pale tumboni mwa chombo, na kwenye mianya ile niliyoirudia pamba palikuwa pakavu.