Je, wajua kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya kukaripia?

Mtoto akivunja kikombe, mama yake humkaripia, na Kiingereza hutumia "scold". Askari akitoroka lindo hupewa "reprimand". Seneta akikiuka maadili, wenzake humpigia kura ya "censure". Bado kuna chide, rebuke, upbraid, berate, castigate na mengine kadhaa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba yote maana yake ni kukemea, somo likaishia hapo. Kumbe kila neno hudokeza nani ana mamlaka juu ya nani, na mgawanyo huo umetokana na historia ya Waingereza wenyewe.

Mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa akaiteka Uingereza. Tangu hapo mabwana na majaji walitumia Kifaransa na Kilatini, huku watu wa kawaida wakigombezana kwa Kiingereza chao. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria ilipoagiza kesi zisikilizwe kwa Kiingereza. Lugha hizo zilipochanganyika, maneno yaligawana kazi. Chide na upbraid ni ya tangu kabla ya uvamizi. Rebuke lilikuja na Kifaransa cha wavamizi, na mwanzoni lilihusu kumrudisha mtu nyuma kwa kipigo. Reprimand lilifika baadaye sana, pia kutoka Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini ni kukandamiza. Hadi leo ni neno la wakubwa na mafaili: ukilikuta kwenye barua ya mwajiri, ujue hilo ni karipio rasmi, si kugombezwa tu.

Censure lina asili ya Roma ya kale, ambako maofisa wawili walihesabu raia na mali zao, wakachunguza pia mienendo yao, na waliweza kumwondoa mtu kwenye Seneti. Uzito huo wa kiserikali haujaliacha neno. Seneti ya Marekani ilimpitishia Rais Andrew Jackson azimio la censure mwaka 1834, kufuatia mvutano juu ya benki ya taifa. Hakupoteza cheo, ila doa lilimuuma kiasi kwamba wafuasi wake walipigania lifutwe, na mwaka 1837 likafutwa kwenye kumbukumbu.

Lakini neno lenye kisa kizito kuliko yote ni hili la nyumbani, scold. Wanaofuatilia asili ya maneno wanaona huenda lilitokana na skáld, yaani mshairi, katika lugha ya Waskandinavia wa kale. Washairi wao waliweza kumsifu mfalme, na waliweza pia kumvua mtu nguo kwa beti za kejeli. Anayejua mipasho ya taarabu hatashangaa.

Likiwa nomino, lilikuja kumhusu mtu mwenye ulimi mkali, hasa mwanamke. Kisha sheria ya Uingereza ikaliingiza mahakamani: kuwa mwanamke mgomvi anayewasumbua majirani kwa maneno likawa kosa la jinai. Moja ya adhabu ilikuwa kumfunga kwenye kiti kilichoshikizwa kwenye boriti ndefu na kumtumbukiza mtoni mbele ya umati. Mwaka 1809, katika mji wa Leominster, Uingereza, mwanamke aliyeitwa Jenny Pipes aliadhibiwa hivyo, na kiti chenyewe bado kimehifadhiwa katika kanisa la mji huo.

Miaka 20 baadaye, sheria hiyo ilitumika pia Marekani, mjini Washington, dhidi ya Anne Royall, mwandishi aliyewashambulia kwa kalamu viongozi wa dini na wanasiasa. Alikutwa na hatia. Mahakama iliona kumtumbukiza majini ni adhabu iliyopitwa na wakati, ikamtoza faini ya dola 10, na waandishi wa habari wakamlipia. Royall aliendelea kuandika na kuchapisha magazeti yake. Uingereza haikulifuta kosa hilo hadi mwaka 1967.

Kwangu mimi huu ulikuwa uonevu uliovaa joho la sheria. Kosa liliwaandama wanawake, ilhali wanaume waliofoka hadharani kwa kawaida hawakushtakiwa kwa kosa hilo. Alama yake ingali kwenye lugha. Kama kitenzi, scold hutumika bila shida: mzazi au mwalimu yeyote, mwanamume kwa mwanamke, anaweza kumkaripia mtoto. Lakini kumwita mwanamke "a scold" ni tusi. Na ukisema bosi wako "scolded" wewe, Mwingereza atakuona umejieleza kama mtoto. Katika mazungumzo ya kazini wao husema "told me off", na kwenye barua rasmi huandika reprimand.