Sumaku haipimi kutu

Wateja wengi wanaoniletea stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu upesi, niikague huwa wameshaipima wenyewe kwa sumaku. Ikinasa, ni feki. Isiponasa, ni safi. Kipimo hiki kimeenea mno, na kwa kazi kinachopewa hakifai.

Kinachozuia kutu ni kromi. Chuma cha pua kikifikisha kromi asilimia 10.5 hivi, kromi hiyo huungana na oksijeni na kuufunika uso wote kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Ukiukwaruza hujiziba wenyewe, mradi oksijeni ipo. Aloi (mchanganyiko wa metali) ambayo mtaalamu wa metali Harry Brearley aliiyeyusha Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 ilikuwa na kromi asilimia 12.8, na aloi ya namna hiyo hunasa sumaku barabara.

Sumaku hupima jambo jingine: jinsi atomi zilivyojipanga. Katika chuma cha kawaida zimejipanga kimchemraba, moja ikiwa katikati, na mpangilio huo hunasa. Ukitia nikeli ya kutosha, kama asilimia 8 iliyomo kwenye gredi ya 304 (stenlesi hupangwa kwa gredi zenye namba), mpangilio hugeuka kuwa ule uitwao austenaiti, usionasa. Gredi ya 430 ina kromi asilimia 16 hadi 18 na karibu haina nikeli. Inanasa, na ni stenlesi halali kabisa. Vitako vya sufuria za majiko ya induksheni hutumia chuma cha aina hiyo kwa sababu hiyohiyo ya kunasa sumaku.

Balaa liko kwenye familia ya 200, yaani gredi kama 201. Nikeli ni ghali, kwa hiyo humo imepunguzwa na pengo likazibwa kwa manganizi na nitrojeni. Austenaiti inabaki, sumaku hainasi, mnunuzi anafurahi. Lakini 201 huwahi kushika kutu kuliko 304, na ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye mabomba yaliyouzwa kwa jina la 304.

Hata 304 yenyewe humchanganya mtu. Ikikunjwa au kuvutwa ikiwa baridi, sehemu ya austenaiti hugeuka martensaiti, mpangilio mwingine unaonasa, hivyo kona za sinki huvuta sumaku kidogo ilhali sehemu bapa ya bati lilelile haivuti. Na palipo na maji ya chumvi, ambako kloridi hutoboa utando, tunachohitaji ni 316 yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Sumaku haiwezi kuitofautisha na 304.

Mimi hutumia bunduki ya eksirei, kifaa cha mkononi kinachopima metali zilizomo. Kwa sekunde chache inasoma kromi, nikeli, manganizi na molibdenamu. Isichokiona ni kaboni, na kaboni ina uzito wake kwenye kazi za kuchomelea: kando ya mshono, joto likikaa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni huiteka kromi kwenye mipaka ya chembe ndogo zinazounda chuma, na kutu huanzia hapo. Ndiyo maana kuna 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Kuithibitisha hiyo nahitaji spektromita ya cheche (kifaa kinachosoma mwanga wa cheche za umeme zinazopigwa kwenye chuma), au cheti cha kiwanda chenye namba ya myeyusho, yaani ya mkupuo ulioyeyushwa pamoja, inayolingana na ile iliyogongwa kwenye bamba.