Uchambuzi tuli si kukagua sarufi

Wiki iliyopita, hapa Mtwara mjini, kijana mmoja alinifungulia programu anayoiandika ya kurekodi mizani ya korosho. Ilikuwa inapunguza uzito wa gunia tupu mara mbili: mzigo unapopimwa, halafu tena malipo yanapokokotolewa. Mkulima wa magunia thelathini angeona kilo zake zinayeyuka tu. Nilipomwonyesha, akashangaa: "Lakini kaka, hii imeshapita uchambuzi tuli!" Nikamuuliza kaipitisha wapi. Akaandika `php -l`, amri ya PHP, lugha aliyoiandikia programu yake, kompyuta ikajibu kwamba hakuna kosa la sarufi, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nimeshalisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, nami si mtu wa kubishana mezani. Naandika.

Uchambuzi tuli (kwa Kiingereza static analysis) ni kutafuta makosa katika msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa kuyasoma, bila kuiendesha programu yenyewe. Maana yake inaishia hapo. Kule Mikindani, fundi anayelizunguka jahazi lililopandishwa mchangani, akigonga mbao na kukagua kalafati, anafanya kazi ya namna hiyo. Siku wakilishua na kutazama maji yanapoingilia, hayo ni majaribio, na yana jina lake.

Kwa hiyo "tuli" ni sifa ya msimbo. Wapo wanaodhani inaisifu zana, yaani ile programu inayochambua, kwamba inafanya kazi kimyakimya. Zana yenyewe haina utulivu wowote. Ukiiwasha mara ya kwanza kwenye mradi wa zamani inaweza kukumwagia malalamiko mia tano.

Linalostahili kutazamwa zaidi ni "uchambuzi". Kabla halijafika kwenye magazeti na mijadala ya mpira, kuchambua ilikuwa kazi ya mikono: mchele unachambuliwa mawe, mboga zinachambuliwa majani mabovu, pamba inachambuliwa mbegu. Si kupepeta, maana ungo unarusha vyote pamoja na upepo ndio unaoamua. Anayechambua anashika kimojakimoja na kujiuliza: hiki kinafaa hapa? Na kuna "uchanganuzi", kutoka kuchanganua, yaani kukitengua kilichochanganyika. Wataalamu wengine hulipendelea hilo, na sina ugomvi nao. Mimi nabaki na kuchambua kwa sababu ya pamba.

Maana zana iliyowapa wenzake wengi jina, hata wakaitwa linter, iliitwa lint. Stephen Johnson aliiandika Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970, kwa ajili ya lugha ya C, na mwaka 1979 ikatoka pamoja na toleo la saba la Unix. Kwa Kiingereza neno hilo ni zile nyuzinyuzi zinazoganda kwenye nguo: haziichani nguo, ila zinaonyesha haijasafishwa vizuri. (Wafanyabiashara wa pamba wanaliita lint lile jema linalobaki baada ya mbegu kutolewa. Kila mtu na uchafu wake.) Johnson alitaka kunasa vitu ambavyo kikusanyaji cha C (compiler, kinachougeuza msimbo uwe lugha ya mashine) kilikuwa kinaviachia vipite: kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kinachotumika kabla hakijapewa thamani, mstari usioweza kufikiwa kamwe. Yaani msimbo ambao sarufi yake ni sahihi kabisa, ila una jambo.

Na hapo ndipo kijana wangu alipoponzwa. Herufi l katika `php -l` imetokana na lint hiyohiyo, lakini amri ile hukagua sarufi peke yake: mabano yamefungwa, nukta mkato ipo. Jina kubwa limevishwa kazi ndogo. Sentensi "Gunia lilimla mkulima" nayo haina kosa la sarufi.

Kwa PHP, zana inayochambua kweli ni kama PHPStan au Psalm; kwa JavaScript wengi hutumia ESLint, kwa Python kuna Pylint, kwa C kuna Cppcheck. Usichague kwa sifa za mitandaoni. Iendeshe kwenye msimbo wako mwenyewe uone kengele zake ngapi ni za kweli, kwa sababu zana inayopiga kelele za bure itazimwa kabla ya Ijumaa. Angalia pia ngazi ya ukali. PHPStan huanzia 0, iliyo nyepesi kuliko zote, wengi huiacha hapohapo, kisha wanajisifu kuwa haikuona kitu. Wala hakuna itakayoona kila kitu. Tangu mwaka 1953 hisabati ya Henry Rice, aliyethibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kuamua kwa hakika tabia ya kila programu nyingine, imeshafunga mlango huo.

Je, PHPStan ingelinasa gunia letu? Kwa jinsi alivyoandika, hapana. Uzito wote ulikuwa namba tu, na namba kutolewa namba ni halali hata mara kumi. Tukakaa tukagawa: uzito ghafi (pamoja na gunia) ukawa aina yake ya data, uzito halisi (bila gunia) aina yake, na kile kipande cha msimbo kinachopunguza uzito wa gunia kikakubali ghafi peke yake. Tulipoiendesha zana, ikaugomea ule mstari wa malipo papo hapo, programu ikiwa bado haijawashwa.

Basi, mdogo wangu, ukitoka kwenye `php -l` sema "nimekagua sarufi". Ni kazi halali, na mimi pia naifanya kila siku.