Kumuuliza msimamizi mjengoni: maswali na majibu

Mimi ni kibarua wa mjengo huku Embakasi, Nairobi. Asubuhi msimamizi hutoa maagizo mbio mbio. Nikimuuliza, si ataniona mzembe?

Muulize kabla hujashika chepe. Lakini usiseme "sijaelewa" tu, maana utarudiwa yale yale kwa sauti ya juu. Rudia ulichosikia, kisha uulize jambo moja: "Mkubwa, umesema tushuke kwenye msingi. Nani ameukagua tangu mvua ya jana?" Jibu la hapo ni jina la mtu. Likikosekana, shimo halijakaguliwa, na hampaswi kushuka.

Kwenu Embakasi swali hilo lina uzito zaidi. Udongo wenu mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na ukuta wa shimo unaweza kuporomoka ghafla. Mita moja ya ujazo ya udongo huzidi tani moja. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kichwa kikiwa nje.

Na maagizo yakiwa ya Kiingereza?

Omba Kiswahili, au uonyeshwe kwa vitendo. Kukueleza na kukufundisha ni wajibu wa mwajiri kisheria.

Simiti nayo ina nini cha kuuliza?

Uliza maji ya kunawa yako wapi. Simiti mbichi huunguza ngozi polepole. Ikiingia ndani ya gambuti saa nne asubuhi, huenda usisikie uchungu hadi jioni, na ngozi ya muundi imeshaharibika. Vua gambuti mara moja, osha kwa maji mengi safi, na ukiona malengelenge nenda zahanati.

Akinifuta je?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa kwa msimamizi wako wa karibu, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha pale hatari ikiwa bado ipo. Kukuadhibu kwa kulalamika pia ni marufuku. Hata hivyo, kibarua wa kutwa anaweza kukosa kazi kesho bila kuelezwa sababu, na hilo linaniuma. Kwa hiyo ulizeni wawili watatu kwa pamoja. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwe na kamati ya usalama. Mpitie mwakilishi wenu. Mkipuuzwa, pelekeni malalamiko kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.