Ng'ombe Wawili Wasiolingana: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Maandishi katika Majaribio ya Programu

Waandishi wengi wa programu huona kwamba kupima maandishi katika jaribio la yuniti, yaani msimbo mfupi unaokagua kipande kimoja cha programu, ni kazi ya mteremko: unaandika neno unalolitarajia, unaweka neno lililotolewa na programu, kisha unauliza kama yanalingana. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na majaribio yaliyonipotezea muda mrefu zaidi yamekuwa yale ya maandishi, kwa sababu karibu kila tunachokiamini kuhusu maandishi tumekipata kwa macho, ilhali kompyuta haina macho.

Dhana: Maandishi yanayoonekana sawa kwenye skrini ni sawa.

Katika programu moja ya kusajili mifugo, jaribio letu lilitarajia ujumbe "Ng'ombe 3 wamesajiliwa". Programu ilitoa maneno hayohayo, na bado jaribio likafeli. Mimi na mwenzangu tulikaa mbele ya skrini tukisoma mistari ile miwili herufi kwa herufi, tukihesabu hata nafasi, bila kuona tofauti yoyote. Ukweli ulijitokeza tulipoiagiza programu ichapishe namba ya kila herufi katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi na alama namba yake. Ritifaa, yaani ile alama iliyo katikati ya ng'o, kwenye jaribio ilikuwa namba 39, ile iliyonyooka inayopatikana kwenye kibodi; ya kwenye programu ilikuwa namba 8217, ile iliyopinda, kwani ujumbe ulinakiliwa kutoka kwenye waraka, na programu za kuandikia nyaraka mara nyingi hupindisha ritifaa bila kumwuliza mwandishi. Ipo pia namba 700, ambayo Unicode imeitenga kwa ritifaa inayohesabika kuwa sehemu ya herufi. Kompyuta hulinganisha namba hizi tu. Kwa anayetengeneza programu za Kiswahili jambo hili haliwezi kuwekwa kando, maana ng'ambo, ng'oa, king'ora na mang'amung'amu yote yanabeba alama hiyo.

Dhana: Jaribio likifeli kwa tofauti ndogo namna hiyo, dawa ni kulilegeza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Jambo la kwanza linalowajia ni kubadilisha jaribio lipime tu kama ujumbe una neno "wamesajiliwa", au kufuta ritifaa pande zote mbili kabla ya kulinganisha. Jaribio litapita, lakini kasoro itabaki kwa mtumiaji. Fikiria ofisa aliyesajili "ng'ombe" kwa simu inayoweka namba 8217, na mwenzake anayetafuta neno hilohilo kwa kompyuta inayoweka namba 39: ataambiwa kwamba hakuna kumbukumbu yoyote, na mnyama yumo zizini. Kusawazisha alama kunapaswa kufanywa ndani ya programu yenyewe, pale maandishi yanapoingia, na jaribio litamke wazi kwamba ritifaa zote tatu zikiingia hutoka zikiwa moja. Jaribio lililofeli lilikuwa limetuonyesha kasoro ya kweli. Kulinyamazisha kungekuwa kosa la pili.

Wapo wanaodhani kwamba usawazishaji rasmi wa Unicode, ule uitwao NFC, ambao lugha ya programu ya Java huutoa kupitia darasa la Normalizer, utamaliza tatizo hilo. Hautalimaliza. NFC huunganisha maumbo mawili ya herufi moja: jina André, ambalo ni la kawaida Bujumbura na Lubumbashi, linaweza kuandikwa kwa é moja yenye namba 233, au kwa e ya kawaida, namba 101, ikifuatwa na alama ya mkazo namba 769, na NFC huyafanya yote mawili kuwa 233. Lakini ritifaa 39 na 8217 huziacha zilivyo, kwani kwa mujibu wa Unicode hizo ni alama mbili tofauti kabisa. Kanuni ya ritifaa ni lazima uiandike mwenyewe.

Dhana: Kukata nafasi za pembeni huondoa kila nafasi.

Katika Java, amri ya kukata nafasi iitwayo trim huondoa herufi zenye namba 32, yaani nafasi ya kawaida, kushuka chini, basi. Nafasi isiyokatika, namba 160, ambayo huja mara kwa mara na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti, hubaki palepale. Hata strip, amri ya kazi hiyohiyo iliyoongezwa katika Java 11, huiacha.

Dhana: Kama msimbo haujaguswa, jaribio lililopita jana litapita na kesho.

Mwezi Machi 2023 ilitoka JDK 20, toleo la zana za Java, ikiwa na toleo la 42 la CLDR, hazina ya kanuni za kuandika tarehe, saa na fedha katika lugha mbalimbali. Katika Kiingereza cha Marekani, nafasi iliyo kati ya saa na herufi AM au PM ilibadilika kutoka namba 32 kuwa 8239, nafasi nyembamba isiyokatika. Majaribio yaliyokuwa yakilinganisha saa kama maandishi yakaanza kufeli bila mtu kugusa mstari wowote, na ujumbe wa kosa ukaonyesha saa mbili zinazofanana kwa macho. Vivyo hivyo, toLowerCase, amri ya kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, hufuata lugha ya mashine: kwenye mashine iliyowekwa Kituruki, "ID" huwa "ıd", yenye ı isiyo na nukta. Jaribio linalohusu lugha lisiachiwe mazingira. Litaje lugha yenyewe, au litumie Locale.ROOT, mpangilio usiofungamana na lugha yoyote, kwa maandishi ambayo ni ya mashine na si ya msomaji.

Dhana: Alama == inatosha, mbona jaribio limepita?

Limepita kwa sababu Java huhifadhi mara moja tu maneno yanayofanana yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo, na == huuliza kama pande zote mbili ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu. Neno likisomwa kutoka faili au hifadhidata, jibu hugeuka. Tumia equals, inayolinganisha maandishi yenyewe.

Dhana: Namna ya kuandika tamko la jaribio haina uzito, mradi ulinganisho ni sahihi.

Katika JUnit, zana ya majaribio ya Java, ukiandika assertTrue (tamko kwamba jambo ni kweli) ukiweka equals ndani yake, jaribio likifeli litakuambia tu kwamba ilitarajiwa kweli ikapatikana uongo. Kwa assertEquals, tamko kwamba vitu viwili vinalingana, utaonyeshwa maandishi yote mawili. Katika JUnit kinachotarajiwa hutangulia. Ukigeuza, ripoti itamwambia mwenzako kinyume cha kilichotokea.

Kuna mtego ambao ni wa maandishi hasa. Katika JUnit 4 maelezo ya kosa huwekwa mwanzoni, na katika JUnit 5 huwekwa mwishoni. Kwa namba, kikusanyaji, yaani programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, kitalalamika ukisahau kuyahamisha. Kwa maandishi, vyote vitatu (maelezo, kinachotarajiwa na kilichotolewa) ni vya aina moja, hivyo kikusanyaji hunyamaza na JUnit 5 hulinganisha maelezo yako na neno ulilolitarajia. Ukiwa na assertEquals utashtuka mapema, kwa kuwa jaribio litafeli. Ukiwa na assertNotEquals, tamko kwamba vitu viwili havilingani, litapita daima, kwani maelezo hayalingani kamwe na neno hilo, na thamani iliyotolewa na programu haitaangaliwa kabisa. Unapohama kutoka JUnit 4, anza kwa kutafuta kila assertNotEquals yenye maandishi matatu.